Mengineyo

Kidole changu hakitambuliki.
Miaka hamsini ya kusokota sufu imekisugua,
baridi ikakipasua, kikawa gome.
Nikigusa kioo, kioo kimenuna.
Wilmer, kijana wa ushirika,
aliyepanda na pikipiki hadi huku juu Jankarani,
kompyuta kaiviringisha blanketi kama kitoto kichanga,
akasema: "Jaribu kingine, mama Eulogia."
Nikajaribu vyote kumi.
Mwishowe nikainama, nikabonyeza kwa pua.
Mlango ukafunguka.
Walicheka, na mimi nikawatangulia kucheka.

Neno la siri, akasema, asilolijua mtu.
Nikaweka jina la alpaka wangu wa kwanza,
aliyeliwa na puma mwaka nilioolewa.
Hata marehemu mume wangu
alidhani anaitwa Mweusi tu.

Mtandao haupatikani ila makaburini,
pale ukuta wa mawe unapotazama magharibi.
Huko ndiko tunakosomea.
Waliolala wanasikia habari kabla yetu.

Tarehe. Kijiji. Mnyama. Idadi.
Ugonjwa: chagua mmoja katika orodha.
Orodha ina magonjwa kumi na mawili, yote ya ng'ombe.
Sisi ng'ombe tunawaona kwenye kalenda.
Nikauliza, wetu uko wapi?
Wilmer akakuna shingo, akateremka, akateremka,
hadi chini kabisa:
"Mengineyo."

Humo nimeishi siku nyingi.
Katika mikutano ya wilaya shida zetu ni mengineyo,
zinafikiwa watu wakishavaa makoti.

Juma lililofuata nikapanda peke yangu.
Kuandika kulinichosha. Nikatafuta alama ya sauti,
nikazungumza na binti yangu Nieves, mshonaji kule El Alto:
"Mwanangu, saba wameshikwa na upele.
Wanajikuna hadi damu. Nimewafungia nyuma ya nyumba.
Usimwambie mtu.
Fortunato akijua atanifukuza malisho ya pamoja,
na mnunuzi wa sufu atanipa bei ya matambara.
Halafu nitumie soksi."

Nikabonyeza kwa pua.
Pua haina macho.
Sauti yangu haikwenda El Alto.
Ilikwenda vijiji ishirini na vitatu,
pamoja na soksi zake.

Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua.
Mimi nilijiumbua mwenyewe, kifo hata hakijaamka.

Alfajiri, hodi.
Fortunato, kofia mkononi, barafu kwenye nyusi.
"Saba?"
"Saba."
Akatazama viatu vyake muda mrefu.
"Mimi kumi na mmoja. Nimewaficha korongoni
tangu tulipovuna viazi."

Tukapanda. Simu ikatetemeka kama kifaranga kilicholowa.
Wanne huku. Tisa kule.
Mwanamume mmoja hakutaja idadi, alikuwa analia.
Na Remigia, ng'ambo ya ziwa, sijapata kumwona uso:
"Msiwapake oili chafu ya lori, inawaunguza ngozi.
Sisi tunawaosha kwa maji machungu yaliyolowekewa tarui.
Wengine wanapona, wengine hapana.
Daktari wa mifugo yupo, namba yake hii,
mpigieni kabla hajalewa."
Na mtu mwingine:
"Soksi za ukubwa gani?"

Wilmer aliporudi akafungua fomu.
Kumi na mbili tupu, na Mengineyo imefurika.
Hakusema neno. Akaandika UPELE, juu kabisa,
akakosea herufi, akafuta, akaandika tena.

Sitawadanganya. Bei ya sufu ilishuka kweli.
Wangu wawili walikufa,
na Fortunato bado ananidai kamba.

Leo ni zamu yake kujifunza.
Upepo unatupiga mgongoni, misalaba inalia nyuma yetu.
Anabonyeza. Anabonyeza tena. Anatukana.
Ananitazama kwa jicho la pembeni,
kidole chake gome tupu.

"Inama," namwambia.